Kikundi Kazi cha Abiria wa Nyuma

Jumatatu, 2 Juni

Nimeteuliwa! Kikao cha idara kilikuwa kinaelekea ukingoni, joto limetukaba, nikainua mkono kuomba dirisha lifunguliwe. Kumbe Mkuu wa Idara alikuwa ndiyo kwanza ameuliza nani atajitolea kuratibu vikundi kazi vya kongamano la kimataifa. Akanishukuru kwa moyo huo, akaandika jina langu, akafunga faili. Dirisha halikufunguliwa.

Nilikuwa nakwenda kukataa. Kisha nikasoma mwongozo. Kila kikundi kinachagua swali moja, kinakutana siku mbili kabla ya kongamano, kinaandika ripoti ya pamoja. Ripoti inachapishwa. Na jina la kiongozi linatangulia. Linatangulia!

Nimekuwa mhadhiri msaidizi miaka kumi na mmoja. Kamati ya kupandisha vyeo inakaa Julai. Mwaka jana walinitupa nje kwa kukosa chapisho, wakampandisha Kalamu Nne. Ni yule anayetembea na kalamu nne mfukoni mwa shati, kana kwamba tatu zitakufa ghafla. Mimi ndiye niliyemfundisha alipokuwa mwaka wa kwanza. Leo ana ofisi peke yake. Mimi nakaa na mashine ya fotokopi.

Uamuzi: mratibu ataunda kikundi chake na kukiongoza mwenyewe. Mwongozo haukatazi. Waliouandika hawakuwa wananijua.

Swali langu: kwa nini wanafunzi hupenda viti vya nyuma. Halihitaji maabara. Halihitaji hata kusimama.

Jumanne, 3 Juni

Fomu imewekwa kwenye mtandao saa mbili asubuhi. Wageni wote waliojiandikisha kuja kwenye kongamano wanachagua kikundi. Kufikia saa sita, kikundi cha Kalamu Nne, "Tathmini Shirikishi," kina watu arobaini na watatu. Changu kina mmoja. Mmoja mwenyewe ni mimi, nilikuwa najaribu kama fomu inafanya kazi.

Nimechunguza kisa. Katibu Muhtasi amepanga vikundi kwa alfabeti. Changu kinaitwa "Viti vya Nyuma," kwa hiyo kiko chini kabisa, baada ya tangazo la maegesho. Nani anashuka mpaka huko?

Nimemwomba akipandishe juu. Amesema alfabeti haina mwenyewe. Mama huyu amekaa idarani miaka ishirini, na wakuu watano wamepita wakimwamkia yeye kwanza. Sikubishana.

Nimebadilisha jina. Sasa kinaitwa "Abiria wa Nyuma." Kimeruka juu kama kizibo! Kalamu Nne alipita mlangoni akauliza kama nimehamia idara ya uchukuzi. Nimemwambia ni tamathali ya semi. Akaandika neno hilo, kwa kalamu ya pili kutoka kushoto.

Alhamisi, 5 Juni

Wanakikundi watatu wamepatikana!

Wa kwanza ni Profesa mstaafu, mama mtu mzima kutoka nje ya nchi. Barua pepe zake zina aya saba, na kila aya ina swali. Wa pili katoka nchi ile ile, mtaalamu wa mikanda ya usalama. Ameuliza kama tutashughulikia mabasi tu au na magari madogo. Nimemjibu kwamba tutaanza na mabasi. Wa tatu hajaandika lolote, hata anwani, ila swali moja: chakula cha mchana kipo? Huyu lazima ni wa hapa hapa; nimempa jina Mla Mchana.

Pamoja nami tuko wanne kutoka nchi mbili. Mwongozo unataka watano kutoka nchi tatu. Mwisho wa kuandikisha ni kesho saa kumi.

Nimewaza nikitembea kutoka fotokopi hadi mlangoni, hatua tatu kila upande. Mtu mmoja tu. Nchi moja tu.

Shemeji!

Mdogo wake mke wangu ni dereva wa lori. Sasa hivi yuko ng'ambo ya mpaka, siku ya nne, anasubiri karatasi za mzigo. Analala huko. Anaoga huko. Kama hiyo si nchi yake, ni nini? Nimejaza fomu: mtafiti huru wa mienendo ya uchukuzi. Anwani: Yadi ya Malori, upande wa pili.

Mke wangu aliniona nikiandika akaniuliza nafanya nini. Nimemwambia nakuza ushirikiano wa kimataifa. Yeye ni muuguzi, ana namna ya kukutazama kana kwamba anahesabu mapigo ya moyo. Akasema nisimwingize mdogo wake matatani. Nimemwambia mdogo wake hata hatahitajika kufungua mdomo.

Ijumaa, 6 Juni

Shemeji kakubali, lakini ana sharti. Mwezi uliopita alirudisha lori kinyumenyume akakunja geti la mama yake. Hajasema. Anataka niseme ni mimi.

Nikajikaza. Nimefika kwa mama mkwe saa nne, nikapiga magoti, nikakiri kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mwezi mzima alidhani geti lilikunjwa na gari la takataka, na alikuwa ameshasamehe. Sasa inabidi aanze upya. Akaniuliza nilikunja vipi geti la chuma wakati sina gari.

Nimesema nilijikwaa.

Amenitazama sana. Ameniambia, "Mwanangu, uwe unakula."

Saa kumi kasoro dakika mbili nimepiga muhuri. Kikundi halali! Watano, nchi tatu.

Jumatatu, 9 Juni

Mkutano wa kwanza kwa njia ya mtandao. Nilimpa Shemeji sentensi mbili tu: "Naunga mkono," na "Mtandao unasumbua." Tulifanya mazoezi mara tatu kwenye simu.

Yeye alikuwa wa kwanza kuingia. Yuko ndani ya kichwa cha lori, foleni ya mpakani, shati limefungwa vifungo vyote. Nyuma yake pazia la kitanda lenye maua. Nimewaambia wengine huo ndio uwanja wake wa utafiti.

Nilisoma utangulizi wangu dakika ishirini. Mla Mchana hakuwasha kamera. Mtaalamu wa Mikanda aliuliza kiti cha nyuma kina pointi ngapi za kufungia. Shemeji akaunga mkono. Mambo yalikwenda kama maji ya bomba.

Kisha Profesa akamgeukia. Akamuuliza yeye binafsi, alipokuwa shule, alikaa wapi.

Nikamwandikia haraka: SEMA MTANDAO. Akausoma ujumbe. Nilimwona akiusoma, midomo inacheza. Akasema mtandao uko vizuri tu, na kwamba yeye alikaa nyuma kabisa, dirishani, miaka yote. Akasema wanaokaa nyuma si kabila moja. Kuna anayejificha, kuna anayelinda mlango ili atoke mapema kwenda kuchota maji nyumbani, kuna mrefu aliyeambiwa anaziba wenzake, kuna aliyekuja amechelewa siku ya kwanza na kile kiti kikawa chake mpaka cheti. Akasema kosa letu ni kuuliza kwa nini wanapenda. Nani kasema wanapenda?

Mimi nilisahau kuzima kipaza sauti, wakasikia fotokopi ikikoroma.

Profesa alivua miwani. Akamwomba aendelee. Aliendelea dakika arobaini! Mtaalamu wa Mikanda hakuuliza tena pointi. Mla Mchana aliwasha kamera.

Mimi ndiye kiongozi. Niliwakumbusha hilo mwishoni. Walishakata simu.

Jumatano, 11 Juni

Balaa. Shemeji anafanya utafiti!

Foleni haijasogea, kwa hiyo anashuka, anagonga milango ya malori, anawauliza madereva walikaa wapi darasani na nani aliwaweka pale. Amefikisha hamsini na wawili. Anaandika nyuma ya karatasi za mzigo, anapiga picha, anatuma. Mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Profesa anaziita hazina. Ametuma barua pepe ya aya kumi na moja, na jina langu limetajwa mara moja, kwenye "nakala kwa."

Mimi nimeandika aya tatu. Mbili zinanihusu.

Alasiri Kalamu Nne kaja kunakili. Ana mashine yake ofisini! Alisimama pale ananakili ukurasa mmoja mtupu, akauliza kwa sauti ya asali mtafiti huru wangu kasoma chuo gani. Nimemwambia chuo cha maisha. Akaniuliza kipo mji gani. Nikasema kina matawi mengi.

Kanusa kitu. Lazima Shemeji atoweke kabla ya Jumatatu, maana wanakikundi wote wanakuja ana kwa ana.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango wa leo ulikuwa safi. Sijui uliharibikia wapi.

Asubuhi niliwaandikia wanakikundi kwamba mtafiti huru amefiwa na mama yake mkubwa, hivyo hatahudhuria, na amenikabidhi mimi karatasi zake zote. Nilitia maneno mawili matatu ya huzuni. Nilipomaliza macho yangu yalikuwa na unyevu. Naandika vizuri nikitaka.

Profesa, mtu wa adabu kumbe, akamtafuta Shemeji kwa simu ampe pole. Hakumpata, alikuwa anavuka mpaka. Akapiga namba ya jamaa wa karibu. Fomu ilidai namba hiyo, nami nilikuwa nimeweka ya mke wangu. Mke wangu yuko zamu, simu kaiacha kwa mama yake. Mama mkwe akapokea. Akaambiwa pole sana kwa kufiwa na dada.

Ana dada mmoja tu.

Kilio kilisikika mpaka kwetu, nyumba ya nane. Nilipofika, majirani walishakaa uani na mikeka imetandikwa. Nilitafuta namna ya kusema bila kusema. Nikashauri ampigie marehemu kwanza, tuhakikishe. Kila mtu akanitazama. Akapiga. Mama mkubwa akapokea mlio wa pili, mzima wa afya, yuko saluni, akataka kujua nani kaanza kumzika na kichwa kina povu.

Mke wangu alirudi saa tisa na sare zake. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua pa kujificha. Aliniambia nikae, akaniuliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo wake ambaye ripoti yangu inamhitaji akiwa amekufa, ili awahi kumuaga.

Nimeomba radhi kwa simu kwa marehemu. Amesema atakuja mwenyewe.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya kwanza ya kazi. Naandika haya nikiwa chooni, ghorofa ya pili.

Saa mbili na nusu madirisha yalitetemeka. Shemeji! Ameleta lori. Amelipaki mbele ya jengo, limekalia nafasi tatu, na mojawapo ni ya Mkuu wa Idara. Akashuka na shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinang'aa, bahasha kubwa kwapani. Nilimkimbilia nikamwambia ageuze. Akasema, "Shemeji, watu wananisubiri."

Tuliingia chumba namba tisa. Profesa ni mfupi kuliko barua zake. Alimshika Shemeji mikono yote miwili. Mtaalamu wa Mikanda alikuwa amebeba mkanda. Mla Mchana alikuwa ameshakula.

Saa nne mlango ukafunguliwa. Mkuu wa Idara, funguo za gari mkononi. Nyuma yake Kalamu Nne, uso umekunjuka kama wa bwana harusi. Akasema mbele ya wote kwamba kwa uchungu mkubwa, kwa heshima ya idara, analazimika kufichua kuwa mtafiti huru wa kikundi hiki ni dereva wa lori.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na uongo mmoja mzuri kabisa umekaa tayari. Shemeji akaniwahi.

Akamgeukia Mkuu wa Idara akasema, "Ndiyo, mimi dereva. Lori lenyewe lile pale. Samahani kwa nafasi yako, mama, nitalisogeza."

Profesa akauliza kwa upole habari mpya ni ipi. Shemeji alikuwa amemwambia tangu siku ya kwanza, baada ya mkutano, kwamba yeye ni dereva na kwamba yeye ni raia wa hapa. Wote walijua! Mkuu wa Idara akavaa miwani akasoma mwongozo kwa sauti. Mwongozo hautaki shahada. Hautaki chuo. Unataka watu watano kutoka nchi tatu.

Kalamu Nne akarukia hapo. Nchi ziko mbili! Akahesabu vidole vyake. Mkuu wa Idara akanigeukia.

Ndipo Mla Mchana akakohoa. Akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye ametoka nchi ya tatu, kasafiri kwa ndege mbili, na aliuliza chakula kwa sababu ana kisukari na lazima ale kwa saa. Hakuna aliyewahi kumuuliza ametoka wapi. Akanitazama bila kinyongo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kwa hiyo kikundi kilikuwa halali tangu mwanzo. Geti, msiba, mama mkubwa, vyote vya bure. Ningeandika "dereva" kwenye fomu, yangekwisha.

Nimelifikiria hili hapa chooni kwa dakika kumi. Nimeona ni bahati mbaya tu.

Jumanne, 17 Juni

Profesa ameomba kura ya uongozi. Shemeji: kura nne. Mimi: moja. Shemeji alitaka kunipigia mimi kwa ukoo, nikamwambia asijisumbue, nitajipigia mwenyewe. Nimepewa wadhifa wa kutunza muda.

Wamefanya kazi siku nzima. Karatasi ukutani mpaka dari. Mtaalamu wa Mikanda amegundua kwamba alipokuwa mdogo alikaa nyuma pia, akatoka nje kidogo kupunga upepo. Mla Mchana ana jicho kali la takwimu. Mimi nilisema "dakika tano" mara kumi na nne, na kwa haki naweza kusema hakuna aliyezidisha.

Kutoka chumba cha pili tulisikia kikundi cha Kalamu Nne. Watu arobaini na watatu wanagombana tafsiri ya neno "shirikishi." Alasiri waligawanyika makundi mawili yasiyosalimiana. Hakuna ripoti. Nimepita pale mara tatu kuazima kalamu.

Jumatano, 18 Juni

Ukumbi umejaa. Shemeji kasimama kwenye jukwaa, karatasi zimeshikwa kwa mikono miwili. Alianza na madereva wa foleni, watu wakacheka mahali pa kucheka. Kisha akaziweka karatasi chini.

Akasema yeye alikaa nyuma kwa sababu ya urefu. Walimu walisema ni mvivu, haandiki kilichoko ubaoni. Yeye alidhani ubao ni ukungu kwa kila mtu, na wenzake wanajua tu kukisia. Alifika miaka ishirini na miwili ndipo akaenda kupimwa macho ili apate leseni. Wakamvalisha miwani. Akatoka nje akaona majani ya mti, moja moja. Akakaa kwenye ngazi za ile ofisi, akalia, kwa sababu alikumbuka alama zote alizokosa. Miaka kumi na miwili, akasema, na hakuna aliyesema: hebu njoo ukae mbele kidogo.

Mke wangu alikuwa ameomba ruhusa kazini, kakaa safu ya tatu. Hakuwa anajua. Dada yake wa damu, muuguzi, na hakuwa anajua. Nilimwona akifunika mdomo kwa kiganja.

Nilitoa leso. Nafikiri ni vumbi la mapazia.

Walisimama wote kumpigia makofi. Kwenye ripoti jina la kwanza ni lake. Langu liko kwenye shukrani, baada ya fundi mitambo: "kwa kutunza muda."

Nilipotoka Shemeji alinikumbatia akasema bila mimi hili lisingekuwa. Nilimjibu kwamba hilo ndilo nililokuwa nikisema tangu mwanzo.

Jumapili, 22 Juni

Barua ya Mkuu wa Idara: nimeondolewa uratibu, na kamati ya Julai haitaniona. Imeandikwa kwa ustaarabu. Mama mkubwa amekuja, amekaa siku mbili, kila nikipita anauliza kama leo yu hai au la.

Mke wangu ameniuliza, kwa utulivu, nimejifunza nini. Nimemjibu kwamba mtu asiweke namba halisi kwenye fomu. Akatoka akaenda kukaa uani na mama yake.

Lakini kuna habari njema! Tangazo limefika la kongamano la mwakani, ughaibuni. Wanatafuta kiongozi wa kikundi kazi kipya kabisa: "Uaminifu katika Utafiti." Bado nafasi iko wazi. Wanataka tu barua moja ya pendekezo kutoka kwa mwanazuoni anayeheshimika, anayemjua mwombaji kwa karibu.

Sikutaka kumsumbua Profesa, ana umri na safari imemchosha. Nimeanza kumwandikia mimi. Aya saba, swali katika kila aya. Amenisifu kwa unyoofu mpaka nimeona haya.

Sauti yake nimeipata barabara. Kilichobaki ni saini tu, na hiyo nimeshajaribu mara thelathini na moja. Ya mwisho imekaribia.